Aliyepona Anaishije? Wasomaji Wauliza Kuhusu Kitabu cha Pili cha Riwaya ya Kutisha

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinazungumzia riwaya mbili za vijana zilizoandikwa na Mmarekani Adam Cesare: Clown in a Cornfield, iliyochapishwa mwaka 2020, na mwendelezo wake, Clown in a Cornfield 2: Frendo Lives, uliotoka mwaka 2022. Kwa faida ya wasiozisoma, kisa cha kwanza ni hiki. Msichana aitwaye Quinn Maybrook anafiwa na mama yake, na baba yake, ambaye ni daktari, anaamua wahame Philadelphia wakaanze maisha mapya Kettle Springs, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mahindi katika jimbo la Missouri. Mji huo ulikuwa ukiishi kwa kiwanda cha Baypen kilichotengeneza shira ya mahindi, lakini kiwanda kimeteketea kwa moto, kazi zimekwisha, na wakubwa na vijana wa mji hawasikilizani tena. Nembo ya kiwanda, mchekeshaji wa sarakasi aitwaye Frendo, bado inaonekana mjini. Kisha usiku mmoja, vijana wakiwa karamuni shambani, sura ya Frendo inatokea kati ya mahindi na mauaji yanaanza. Riwaya hiyo ilipata Tuzo ya Bram Stoker katika kundi la riwaya za vijana kwa vitabu vya mwaka 2020. Nitajibu barua zenu bila kutaja muuaji wala sababu ya kuua, ili asiyesoma asinyimwe haki yake.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Rafiki wa kaka yangu ameniazima kitabu cha pili, na cha kwanza sikipati. Je, naweza kuanza na hiki nilicho nacho? – Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Ningekushauri usianze nacho, ingawa najua ni vigumu kukaa na kitabu mkononi bila kukifungua. Kitabu cha pili kinaanza mahali ambapo kila mhusika anajua yaliyotokea Kettle Springs, kwa hiyo kinakutajia bila kuficha yale ambayo cha kwanza kilitumia kurasa nyingi kuyafunika. Isitoshe, utakapopata kitabu cha kwanza baadaye, utakisoma ukijua tangu ukurasa wa mwanzo kwamba Quinn na wenzake wawili, Cole na Rust, watatoka hai. Katika riwaya ya mapenzi jambo hilo lisingeharibu sana. Katika riwaya ya muuaji wa kinyago, kutojua nani ataiona asubuhi ndiyo roho ya usomaji wenyewe.

Huenda umezoea mifululizo ya Kiswahili ambayo haina sharti hili. Mzanzibari Muhammed Said Abdulla alituandikia visa vya mpelelezi Bwana Msa kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, na unaweza kusoma Kisima cha Giningi cha mwaka 1968 kabla ya hicho usipungukiwe na kitu, kwa kuwa Bwana Msa huingia katika kila kitabu akiwa mtu yuleyule, na fumbo la kitabu kilichopita halimsumbui tena. Quinn hana bahati hiyo. Yaliyompata katika kitabu cha kwanza ndiyo yanayotembea naye katika cha pili, na usipoyajua hutaelewa kwa nini mambo madogo yanamshtua hivyo. Mrudishie mwenyewe kitabu kwa heshima, umwombe akutafutie na cha kwanza, kwani mtu mwenye mwendelezo mara nyingi huwa anajua chanzo kilipo.

Ndugu Mhariri, kitabu cha kwanza kilininyima usingizi. Cha pili nimekifikisha katikati na sijaogopa hata kidogo. Zaidi ya nusu ya muda nimekuwa nikingoja kitu kitokee. Je, mwandishi ameishiwa, au ni mimi niliyezoea? – Msomaji, Nairobi

Ndugu yangu, swali lako ndilo lililonifanya nichague mada hii, nami nitalijibu kwa urefu, kwa sababu naamini wasomaji wengi wa vitabu vya pili vya kutisha huvihukumu kwa kipimo cha vitabu vya kwanza.

Hofu ya kitabu cha kwanza ilitoka wapi? Ilitokana na kutojua. Hukujua nyuma ya kinyago kuna nani, anataka nini, na ataishia wapi. Hata shamba lenyewe lilikuwa likimsaidia mwandishi, kwa sababu mahindi yaliyokomaa yanamzidi mtu kimo, hayakuachi uone hatua tatu mbele, na kila jani linapogusana na jenzake unasikia kama mtu anapita. Aliyekulia Kitale au Mbeya anaielewa hali hiyo bila kuelezwa. Sasa, mwandishi akishakuvua kitambaa cha macho mwishoni mwa kitabu, hawezi kukufunga tena kwa kitambaa kilekile. Waandishi wengi wanaojaribu kufanya hivyo huishia kuongeza idadi ya maiti na wingi wa damu, na msomaji, badala ya kuogopa, huanza kuhesabu.

Cesare amechagua njia nyingine, na nadhani ameichagua kwa makusudi. Quinn amerudi Philadelphia, anasoma chuo, anajitahidi kuwa msichana kama wengine. Lakini mtandaoni umezuka uvumi unaodai kwamba mauaji ya Kettle Springs hayakuwa kama yalivyotangazwa, na kwamba walionusurika ndio wenye jambo la kujibu. Watu ambao hawajawahi kumwona wanamchukia kwa jina. Wapo wanaosoma uvumi huo wakaishia kucheka, na wapo wanaouamini kiasi cha kuinuka na kutenda. Ukikaa ukimngoja Frendo aruke kutoka nyuma ya mlango, hutaiona hofu hii, kwa sababu haitoki gizani. Inakuja mchana, katika sura ya mtu wa kawaida mwenye simu mkononi aliyekwisha kuamua kwamba wewe ni mwongo.

Msomaji wa Marekani hahitaji kuambiwa kwamba jambo hili linawezekana. Tarehe 14 Desemba 2012 mtu mwenye bunduki aliwaua watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya msingi ya Sandy Hook, mjini Newtown, katika jimbo la Connecticut. Miaka iliyofuata, wazazi waliowazika watoto wao walitukanwa na kutishwa na watu walioamini kwamba mauaji yale yalikuwa maigizo na kwamba watoto hao hawakufa. Mtangazaji Alex Jones, aliyekuwa miongoni mwa walioueneza uzushi huo, alishindwa katika kesi za madai, na mwaka 2022, mwaka uleule ambao Frendo Lives ilichapishwa, majopo ya mahakama za Texas na Connecticut yaliamua awalipe wafiwa fidia, ile ya Connecticut peke yake ikiwa inakaribia dola bilioni moja. Sisemi kwamba Cesare aliandika akiwa na familia hizo mawazoni. Nasema kwamba alikuwa anaandika katika nchi ambayo kuponea kifo hakumaanishi kwamba utaaminiwa, na hilo kwangu linatisha kuliko upinde wowote ulio mikononi mwa mtu aliyevaa kinyago.

Kwa hiyo nakuomba urudi nyuma kidogo katika kitabu chako. Kila Quinn anapokutana na mgeni, jiulize mgeni huyo amekwisha kusikia nini juu yake na ameamini lipi. Jiulize pia Quinn mwenyewe anajua kiasi gani kuhusu kile ambacho mgeni anakijua. Ukisoma namna hiyo, zile kurasa ulizoziona kuwa za kungoja zitageuka, kwa sababu utagundua kwamba hatari ilikuwa imekwisha kuingia chumbani muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuguswa.

Hata hivyo sitaki kumtetea mwandishi kupita kiasi. Kitabu cha pili kimetawanyika kuliko cha kwanza. Cha kwanza kilikuwa na mji mmoja na usiku mmoja uliokwenda bila kupumua, ilhali cha pili kina mahali pengi pa kufika na watu wengi wa kukusanya kabla mambo hayajashika kasi, na zipo sehemu ambazo ningependa zipunguzwe. Kama umechoshwa na sehemu hizo, hujakosea. Lakini kuchoshwa na mwendo wa kitabu ni jambo moja, na kudhani kwamba hakina hofu ni jambo jingine.

Njia hii ya kuhama kutoka swali la nani atakufa hadi swali la aliyepona anaishije haikuanza na Cesare. Kendare Blake, Mmarekani mwingine aandikaye kwa ajili ya vijana, alitoa Anna Dressed in Blood mwaka 2011, kisa cha kijana Cas Lowood anayewinda mizuka kwa kisu alichoachiwa na marehemu baba yake, akafika Thunder Bay nchini Kanada kupambana na mzuka wa Anna, msichana aliyeuawa mwaka 1958. Mwaka uliofuata Blake alitoa Girl of Nightmares, na ndani yake Cas hawindi tena kama zamani. Anamwona Anna akiteseka mahali ambapo hawezi kuwapo, na hajui kama anayemwona ni yeye kweli au ni majonzi yake yanayompotosha. Wasomaji waliotaka mzuka mpya, mkubwa na mkali zaidi, waliona wamepunjwa. Mimi nilikipenda kitabu hicho kwa sababu kilikubali kwamba mtu aliyempoteza mwenzake katika vita na mizuka hawezi kuamka kesho yake akatafuta mzuka mwingine kana kwamba hakuna lililotokea.

Asalaam alaykum. Binti yangu ana miaka 15, amemaliza kitabu cha kwanza na sasa anasoma cha pili usiku kucha. Mimi sipendi mambo ya mashetani. Nimnyang'anye? – Mama wa watatu, Mombasa

Waalaykumu salaam, dada yangu. Nianze na la mashetani: katika vitabu hivi hayamo. Hakuna jini, hakuna pepo, hakuna uchawi. Kila uovu unaotendeka unatendwa na binadamu kwa sababu za kibinadamu, na hili lina pande mbili, kwa sababu mtoto anaweza kuambiwa kwamba mizuka haipo akatulia, lakini huwezi kumwambia kwamba watu wenye chuki hawapo. Ni haki yako pia kujua kwamba mauaji yameelezwa waziwazi, silaha na majeraha bila kufumbwa, na kwamba vijana waliomo wanakunywa pombe na kutukana.

Umri wa miaka 15 peke yake hauniambii kama kitabu kinamfaa. Wapo wa umri huo wanaokisoma wakakifunga wakaenda kulala, na wapo wanaobeba kila walichokisoma. Mtazame mwenyewe: analala akishakiweka chini? Anakula? Amekuwa akikataa kutoka peke yake kwenda uani au dukani, jambo ambalo hakuwa nalo zamani? Kama hakuna dalili ya namna hiyo, basi tatizo lako ni saa za kusoma, si kitabu, nalo linatibika kwa kukubaliana kwamba kitabu hiki kinasomwa alasiri na si baada ya isha.

Na hata ukiona dalili, nakusihi usikichukue akiwa katikati. Kisa cha kutisha kilichokatizwa njiani hakimtoki msomaji. Akili yake hukimalizia yenyewe, na mara nyingi hukimalizia vibaya kuliko mwandishi alivyofanya. Keti naye, amalize ukiwa karibu, na umwombe akusimulie. Mwulize kuhusu Quinn hasa: kwa nini anamwonea huruma, na yeye angefanya nini kama watu wangemzulia jambo kama hilo. Msichana wa miaka 15 mwenye simu anajua habari za kuzuliwa mtandaoni kuliko mimi na wewe, na inawezekana kabisa kwamba anakisoma usiku kucha kwa sababu kinagusa jambo ambalo ameliona likimpata mwenzake.

Ndugu Mhariri, ninasimamia klabu ya usomaji ya wanafunzi wa sekondari. Tuna nakala moja ya kila kitabu, na nusu ya wanafunzi hawajasoma cha kwanza. Tutajadilije cha pili? – Mwalimu, Tabora

Mwalimu, kwa nakala moja kwa darasa zima, kusoma kwa sauti ndiyo njia pekee, na kwa bahati nzuri riwaya za taharuki zinapenda kusomwa kwa sauti. Lugha ndiyo itakayokuwa kikwazo, kwa hiyo ningechagua sura chache, nikawapa wanafunzi wenye Kiingereza kizuri wazisome kisha wazisimulie kwa Kiswahili chao. Waliosoma cha kwanza wapewe kazi ya kuwaeleza wenzao mji, kiwanda na ugomvi wa wakubwa na vijana, na wazuiwe kabisa kutaja mwisho. Waeleze pia kwamba mahindi ya Kettle Springs hayaendi mashineni kusagwa unga wa ugali. Yalikuwa malighafi ya kiwanda kimoja, na mji uliotegemea kiwanda kimoja ukikipoteza unapoteza na sababu ya watu kuvumiliana. Hilo likieleweka, mengi ya kitabu cha pili yatajieleza yenyewe.

Kwa mjadala wenyewe, ningekiweka Frendo Lives kando ya Mzimu wa Watu wa Kale, ambacho bila shaka kimo katika maktaba nyingi kuliko cha Cesare. Katika kitabu cha Abdulla, mtu anauawa mahali panapoheshimiwa na kuogopwa kama mzimu, na kinywa cha mji kiko tayari kusema kwamba walio chini ya ardhi ndio waliotenda. Bwana Msa anakataa jibu hilo, anafuata nyayo hadi anaufikia mkono wa binadamu. Uvumi wa Zanzibar ile unamfichia muuaji kwa kumsingizia mzimu. Uvumi wa Missouri unafanya jambo la ajabu zaidi: unasema huenda hakuna aliyeua, au walionusurika ndio wauaji. Waulize wanafunzi wako ni uvumi upi ulio rahisi kuuvunja, na kwa nini. Bwana Msa alikuwa na njia ya kuwafanya watu wakubali alichokigundua, kwa sababu akishasema ukweli, waliokuwa wakimsikiliza walikuwa mbele yake. Quinn anasema ukweli, lakini wanaopaswa kuusikia wametawanyika kila pembe ya nchi na hakuna aliyelazimika kumtazama usoni. Ukiwaachia swali hilo kwa kipindi kizima, sidhani kama utahitaji swali la pili.

Nimeona filamu tu. Naweza kuruka kitabu cha kwanza nikasoma cha pili? – Msomaji, Dar es Salaam

Filamu ya Clown in a Cornfield, iliyoongozwa na Eli Craig na kutoka mwaka 2025, Katie Douglas akiigiza kama Quinn, itakupa majina, mji na mfuatano wa jumla wa mambo, na kwa kiasi hicho hutapotea. Lakini ni filamu ya saa moja na nusu hivi, na haina nafasi ya kukaa ndani ya mawazo ya Quinn kama kitabu kinavyokaa. Kwa kuwa kitabu cha pili karibu chote kinategemea jinsi unavyomjua msichana huyu, majonzi yake kwa mama yake na jinsi alivyojifunza kumwamini Cole na Rust, ningekuomba usome walau nusu ya kwanza ya kitabu cha kwanza kabla ya kuendelea.

Nimemaliza vyote viwili. Nasikia kuna cha tatu. Niunganishe moja kwa moja? – Msomaji, Kampala

Kipo, kinaitwa The Church of Frendo, na kilitoka mwaka 2024. Usiunganishe. Wasomaji wa vitabu hivi vilipotoka waliachiwa miaka miwili kati ya kimoja na kingine, na muda huo uliwasaidia kusahau kishindo cha mauaji huku wakiendelea kumkumbuka Quinn. Wewe huhitaji miaka miwili, lakini jipe majuma machache na usome kitu kingine katikati, kitabu kisicho na damu. Kisha, kabla ya kufungua cha tatu, rudia sura ya mwisho ya cha pili peke yake, polepole, na uangalie ni nani aliyebaki upande wa Quinn na ni nani aliyemwacha.